Jina Halichechemei

Katika ukoo wa Papa Floribert walipata kuwapo Agathe watatu, na wote watatu walichechemea. Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, aliyetembea akiyumba kama boti iliyopakiwa mzigo upande mmoja. Wa pili alikuwa dada yake, aliyefariki akiwa msichana. Wa tatu ni binti yake wa mwisho, ambaye bado yuko Kalemie, na habari hii ni yake.

Watu wa mtaa wao, kule mto Lukuga unakoliacha ziwa, hawakuona haja ya kufikiri sana. Mmoja ni bahati mbaya, wawili ni mashaka, watatu ni jina. Walisema jina lile lina mguu ndani yake, na anayepewa jina hupewa na mguu.

Usiwacheke. Kwao jina si kitu cha kuokota njiani. Mtoto hupewa jina la mtu aliye hai, na mtu huyo anakuwa majina wake, ndugu wa jina, mpaka kifo. Majina ndiye anayemtoa mtoto nje kitovu kikishaanguka, amemfunga mgongoni, na kulitamka jina mbele ya watu. Kabla ya hapo mtoto havuki kizingiti. Akikua, kila tabia yake hutafutiwa chanzo kwa majina wake. Mtoto ni mlafi? "Mutazame majina wake anavyokula." Anaimba vizuri kanisani? Sifa zinakwenda kulekule. Basi kama ulafi hufuata jina, kwa nini mguu usifuate?

Agathe mwenyewe aliamini hivyo. Shule aliiacha mwaka wa tano wa msingi, wala si kwa kukosa akili. Kila baridi ya mvua ilipoingia, mifupa yake iliwaka moto, macho yakageuka manjano, akalala hata mwalimu akasahau sura yake. Alipopona aliona haya kurudi kukaa na watoto waliomfikia kiunoni. Akaenda ufukoni kufanya kazi ya ndagala, wale dagaa wa ziwa. Asubuhi, boti zikirudi, alijaza beseni, akalitwika kichwani, akapanda nalo mchanga hadi kwenye vichanja vya kukaushia. Maneno yake yalikuwa machache kama chumvi kwenye mboga ya mgonjwa. Wanawake wenzake walimpenda, na kwa kuwa walimpenda walimtania.

"Agathe, leo umesema maneno mawili," Mama Carmel alikuwa akimwambia. "Uangalie, utamaliza akiba."

Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka sana, na hicho alipewa bila kuomba. Dada yake mkubwa Immaculée, aliyemwita Yaya, mke wa Gauthier mvuvi, alibeba mimba ngumu. Agathe alimfulia, akampikia, akamkanda mgongo. Alasiri moja Immaculée aliushika mkono wa mdogo wake, akauweka tumboni.

"Huyu akiwa binti," alisema, "jina lake njo Agathe."

Agathe alificha uso katika kitenge. Wiki nzima watu wa ufukoni walimsikia akiimba. Alijua kwamba wachumba hawagombanii msichana anayechechemea. Huenda asingezaa. Mtoto huyu angekuwa mtu wa kumwita yeye "majina" mbele za watu, mtu wa kulipeleka jina lake mbele akiwa yeye hayupo.

Mtoto akazaliwa, na alikuwa binti.

Hapo ndipo Mama Adrienne alipoingia. Alikuwa mama mkwe wa Immaculée, mtu wa mji wa Baraka, aliyeshuka na ziwa miaka mingi nyuma akiuza chumvi na sabuni. Moyo wake ulikuwa mkubwa, na sauti ilikuwa kubwa kuushinda moyo. Alimbeba mjukuu, akambusu kila upande, kisha akauliza jina. Alipoambiwa, alimrudisha mtoto kwa mama yake polepole.

"Hapana," alisema. "Mimi sina neno na Agathe. Ni mutoto muzuri, ana heshima, anafua. Lakini jina lake likae palepale lilipo. Huyu tutamwita Abigaël, jina la dada yangu. Abigaël anapanda mulima kama mbuzi."

"Mama, nimekwisha kuahidi."

"Uliahidi jina ao uliahidi muguu?"

Agathe alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga majani ya sombe. Mchi ulimsimamia hewani. Hayakumchoma maneno yale. Alikwisha kusikia makali zaidi. Kilichomchoma ni kwamba moyoni mwake alikubaliana nayo. Je, kama ni kweli? Nani ampende mtoto, kisha ampe usiku wa kulia na nyonga ya moto kuwa zawadi ya kwanza? Aliendelea kutwanga, lakini kwa mkono wa mtu anayezika kitu.

Aliazimia kwenda mwenyewe kwa Immaculée na kulirudisha jina. Hakufika. Asubuhi iliyofuata, katikati ya mchanga, beseni likiwa kichwani, nyonga ya kushoto ilimkamata kama mlango uliofungwa ghafla. Mguu ulikataa kwenda mbele, ukakataa kurudi. Ndagala zikamwagika mpaka majini.

"Samaki wamejirudia kwao," alisema Mama Carmel akimshika asianguke. "Acha waende. Wewe leo unakwenda kwa docta, na usinitazame hivyo. Nitasema mimi, wewe utaitikia tu."

Walipanda pikipiki, Agathe katikati, hadi kituo cha afya cha masista. Daktari alikuwa kijana wa Manono aitwaye Jérémie. Alimlaza, akauzungusha mguu wake taratibu, akaangalia macho yake kwa muda mrefu, akamtoa tone la damu kidoleni, kisha akampeleka kupigwa radio, ile picha inayoonyesha mifupa. Picha ilipotoka aliiinua dirishani penye mwanga.

"Tazama upande wa kuume. Kichwa cha mufupa ni cha mviringo, kama tonge la bugali lililofinyangwa vizuri. Sasa tazama wa kushoto."

Wa kushoto ulikuwa umebonyea, kama tonge lililokaliwa.

"Umevunjika?" aliuliza Mama Carmel.

"Umekufa."

Agathe alisahau haya zake. "Docta, muntu anaweza kufa kipande?"

"Anaweza. Mufupa unakula damu kama sisi tunavyokula bugali. Kwenye nyonga njia za damu ni nyembamba sana. Zikizibwa, mufupa unakaa njaa, unakufa, kisha unabonyea chini ya uzito wako." Alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Na zako zimezibwa kwa sababu chembe za damu yako zinajikunja kama mundu, zinanasana. Ugonjwa huo unaitwa drepanositoze. Kile kipimo cha kidole kimeuonyesha. Ulizaliwa nao. Ile mifupa kuwaka wakati wa baridi, yale macho ya manjano, yote ni huo."

Agathe akauliza kwa sauti ndogo hata daktari akainama kumsikia. "Iko ndani ya jina?"

Daktari hakuelewa. Mama Carmel akamweleza habari ya Agathe watatu, na jinsi mtaa mzima unavyojua. Jérémie hakucheka. Alizaliwa katika nchi hiyohiyo, naye alikuwa na majina wake.

"Jina linaingia kwa sikio," alisema. "Hii inaingia kwa damu, na haiingii kwa mulango mumoja. Baba anatoa nusu na mama anatoa nusu. Mwenye nusu moja haugui, anaweza kuzeeka bila kujua. Anayepata nusu mbili njo mugonjwa. Uulize nyumbani kwenu. Nani alikuwa na macho kama yako? Nani alikufa mudogo akililia mifupa? Uulize pande zote mbili."

"Na wote wanachechemea?"

"Hapana. Unaweza kukuta ndugu wawili, ugonjwa ni huo mumoja, huyu nyonga imekufa, yule anacheza mupira. Wanasema kuna mambo mengine madogo ya kurithi yanayoongeza hatari ao kuipunguza. Bado wanayachunguza. Mimi mwenyewe sijui yote."

Alimpa vidonge, akamkataza kabisa kubeba beseni, akamwambia anywe maji mengi na asikae kwenye baridi, akampa fimbo ya kutembelea. Mfupa uliokufa hawangeweza kuufufua hapo, alisema, lakini wangeweza kuuchunga usibonyee zaidi. Na huko Lubumbashi kuna madaktari wanaobadilisha nyonga, siku njia ikipatikana. Agathe alitoka akiegemea ile fimbo, na ajabu ni kwamba alijiona mwepesi. Maumivu yake yalikuwa yamepata jina lao wenyewe. Hayakuhitaji tena kuazima la kwake.

Alipofika nyumbani, Papa Floribert alikuwa akishona wavu, na Mama Générose, mkewe, alikuwa akichambua maharage. Agathe alikaa kati yao, akaeleza yote, kisha akauliza alivyoagizwa.

Mama Générose hakuinua hata uso. "Kwetu Kabimba damu ni safi. Hiyo ni ya kwa baba yako, kila muntu anajua."

"Docta anasema lazima pande mbili, Mama."

"Pande mbili!" Papa Floribert aliuacha wavu. "Générose, umesikia?"

"Nimesikia. Siko kiziwi."

Maharage yalianguka sufuriani moja moja. Kisha mikono ya Mama Générose ikatulia.

"Kulikuwa na Ulrich," alisema. "Mudogo wangu. Mikono yake ilikuwa inavimba kama mikate. Alikuwa analia, 'Mama, mifupa.' Wazee walisema ni upepo wa ziwa umemwingia. Alikufa hata hajaota meno ya pili." Alijifuta jicho kwa kiganja. "Sikufikiria. Aliitwa Ulrich, hakuitwa Agathe. Nani angefikiria?"

Papa Floribert alitikisa kichwa. "Dada yangu Agathe pia alikuwa na yale macho. Tulimwita Mawese kwa ile rangi, tukicheka. Mungu atusamehe."

"Na Tate Agathe, mama yako?" aliuliza binti. "Yeye alizeeka, Papa. Hakuwa anaugua baridi."

Papa Floribert alifunga fundo kwenye wavu. Akalifungua. Akalifunga tena.

"Mama yangu," alisema mwishoni, "hakuzaliwa akichechemea."

"Unasema nini?" Mama Générose alisimama.

"Aliruka kutoka kwenye treni."

Wanawake wawili walimkodolea macho.

"Alikuwa anatoka Nyunzu na kapu la karanga. Hakuwa na tiketi. Kontrola akaingia kwenye behewa. Mama akatupa kapu, kisha akajitupa yeye, na treni haijasimama. Kapu lilifika salama, muguu njo ulivunjika, ukajiunga vibaya. Kisha tukahamia hapa, watu hawatujui, wakamuchagua kuwa mukubwa wa wamama wa kanisa. Angewaambia nini? Akatuapisha: tuseme alizaliwa hivyo. Kilema cha kuzaliwa si aibu."

Mama Générose alifungua kinywa, na kilichotoka ni kicheko. Alicheka hadi akaketi juu ya maharage. "Miaka yote hii! Mimi napita mbali na kaburi la mama mukwe wangu, naogopa laana, kumbe ni tiketi!"

Hata Agathe alicheka, akiwa ameshika nyonga. Kisha akaanza kuwahesabu upya wale Agathe wake. Mmoja alikuwa wa treni. Wawili walikuwa wa damu. Na Ulrich, ambaye hakuwa na jina lile, alikuwa wa damu vilevile. Kicheko kikamkauka taratibu, kwa maana aliona kitu kingine: kama ugonjwa hauhitaji jina ili uingie, basi jina la Abigaël haliwezi kuuzuia mlangoni.

Kitovu cha mtoto kilianguka, siku ya kumtoa ikafika. Majirani walijaa uani kwa Gauthier, mikeke, samaki wa ziwa, ikichomwa, mawese yakinukia. Mtoto alikuwa ndani na mama yake. Boti ya Abigaël, yule majina mpya kutoka Baraka, ilikuwa bado haijaonekana, na Mama Adrienne alisimama penye kizingiti akiwatuliza watu.

"Atafika, atafika. Kuleni samaki kwanza."

Agathe aliinuka na fimbo yake. Watu walidhani anakwenda kusaidia jikoni. Alipoanza kusema, Mama Carmel alimfinya mtu wa kando ili anyamaze.

"Mama Adrienne, mutoto mumwite Abigaël. Sina neno. Nilikuja kulirudisha jina mimi mwenyewe." Miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, ilibaki pale. "Ila mutoto apimwe damu. Na Yaya Immaculée, na Gauthier. Ni tone moja tu la kidole."

"Apimwe nini? Jina lako hana."

"Mujomba Ulrich hakuwa nalo pia, na alikufa."

Agathe alivuta pumzi, akayatoa yaliyobaki kabla haya hazijamrudia. "Mimi walisema ni jina. Kwa hiyo hakuna aliyenipeleka kwa docta. Mufupa wangu umekufa watu wakilaumu Tate. Sasa mukimupa huyu jina zuri, mutalala usingizi. Siku mikono yake itavimba mutasema ni malaria. Mimi nataka musilale, Mama. Hilo tu."

Aliketi kwa nguvu, kama aliyesukumwa.

Mama Adrienne alimgeukia Papa Floribert. "Na yule mama yako je? Naye aliugua damu?"

Papa Floribert alitazama mbingu, akamtazama mkewe, akaona hakuna njia. Akaisimulia treni mbele ya mtaa mzima. Alipofika pale kapu lilipofika salama, ua ulilipuka kwa kicheko. Wazee waliomjua marehemu walipiga mapaja. "Mukubwa wa wamama!" mmoja alilia. "Na alikuwa anatufundisha tusiibe!" Mama Adrienne alijaribu kujizuia kwa heshima ya wafu, akashindwa, akashika mlango.

Alipomaliza kucheka alikuwa mtu mwingine kidogo. Alitazama ndani alikolala mjukuu, akatazama ziwa lisilo na boti, kisha akamtazama msichana aliyekuwa amejikunyata juu ya kigoda.

"Twende basi kwa docta," alisema. "Sasa hivi. Neno hili umelitia tumboni mwangu, nikingoja hata jioni litanipasua."

"Lakini Mama," alisema Gauthier, "mutoto hajatoka nje. Hawezi kuvuka bila jina. Na Abigaël hajafika."

Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alikuwa amesahau. Mama Adrienne alipiga ulimi.

"Abigaël atangoja mutoto wa pili. Muntu anayeacha jina lake ili mutoto awe salama, nitapata wapi majina muzuri kumushinda? Agathe, inuka. Wewe njo unamutoa."

Agathe hakuinuka. Alidhani amesikia vibaya. "Kabla ya kipimo, Mama?"

"Kabla. Kama iko, iko. Umesema wewe mwenyewe jina halina hatia. Ao ulikuwa unatudanganya?"

"Docta amemukataza kubeba," alikumbusha Mama Générose.

"Alikataza beseni," alisema Mama Carmel, tayari amemshika mkono. "Nilikuwapo. Mutoto hakumutaja."

Wakamfunga mtoto mgongoni mwa Agathe kwa kitenge cha mama yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandaa kingine. Alikuwa mwepesi na wa moto kama mkate. Agathe alivuka kizingiti, mguu mzima kwanza, fimbo, kisha mguu mwingine. Jua lilimpiga mtoto usoni, akapiga chafya. Agathe alipaswa kulitamka jina kwa sauti ya kusikika uani kote. Alilisema polepole tu, na mara hii hakuna aliyemwambia aongeze sauti, kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza.

Wakaenda wote, nusu ya ua, mikeke ikiachiwa paka. Kituoni daktari Jérémie alipouliza jina la mtoto, aliyejibu kwanza ni Mama Adrienne. Daktari alipima mtoto, akapima wazazi, akampima na Mama Adrienne aliyetoa kidole bila kuitwa, "muione damu ya Baraka."

Immaculée alikuwa na nusu moja. Gauthier alikuwa na nusu moja. Mtoto, kati ya yote ambayo angeweza kuchukua, alichukua nusu moja tu.

"Hataugua," alisema daktari. "Lakini musisahau. Baba na mama wote wana nusu, kwa hiyo kila mutoto atakayefuata apimwe akizaliwa. Mukijua mapema, tunamulinda mapema." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Na wewe, Mama, unayo nusu vilevile. Ile ya Gauthier imetoka kwako."

Mama Adrienne alikitazama kidole chake kana kwamba kimemsaliti. "Kwangu? Baraka?"

"Karibu kwenye familia," alisema Papa Floribert, na hapo hata masista walikuja kuchungulia kelele zile ni za nini.

Siku hizi Agathe hatwiki tena beseni. Anakaa kwenye meza chini ya kivuli, anachagua ndagala na kuuza, na wenzake wanamletea mabeseni hapo. Nyonga ina siku zake. Kuna asubuhi anaamka imekuwa jiwe, na kuna nyingine anaisahau mpaka mchana. Chupa ya maji iko kando yake daima, na Mama Carmel anamkaripia asipokunywa. Mtoto analetwa karibu kila siku, anatambaa chini ya meza akila mchanga.

Jana Mama Adrienne alipita na sabuni zake, akaita kwa ile sauti ya kuvusha ziwa: "Agathe!"

"Karibu, Mama," Agathe alijibu akiishika fimbo ili ainuke.

"Kaa, kaa. Sikukuita wewe. Namuita mukubwa wako."

Chini ya meza, kitu kidogo chenye mchanga mdomoni kiligeuza kichwa, kikaanza kutambaa kwa kasi kuifuata ile sauti, magoti yote mawili yakienda sawasawa.